Kula Habari Juu ya Ndoo

Korogwe, 18 Mei 2025

Shangazi Ruthi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanao Nkoitiko na wote wa nyumbani. Mimi sijambo. Najua utashangaa kupata karatasi badala ya sauti yangu. Simu yangu imeharibika, na fundi anasema kifaa kinachotakiwa hakipatikani hapa Korogwe, kwa hiyo kwa sasa nitakuwa nakuandikia. Kondakta wa basi la asubuhi amekubali kuiacha barua kwenye kibanda chako cha chai hapo stendi ya Handeni. Anasema anakufahamu vizuri, na kwamba uliwahi kumnyang'anya andazi mbele ya abiria wake.

Mvua imepungua huku. Chumba nilichopanga kilikuwa kinavuja upande mmoja, lakini mwenye nyumba ameshapiga bati. Kanisani nimejiunga na kwaya ya vijana, ingawa wananiweka mstari wa nyuma kwa sababu naimba kama ninayeogopa kusikika. Niambie baba anaendeleaje, na kama ng'ombe wamerudi kutoka Kwaluguru.

Kazi inakwenda vizuri. Bado nipo chumba cha simu katika kituo chetu cha uokoaji. Mtu akipatwa na moto au ajali, mimi ndiye ninayempokea, nauliza ni mahali gani, nabonyeza kengele, na wenzangu wanatoka na gari. Kazi yangu inaishia hapo.

Kuna jambo moja linanipa wasiwasi. Bila shaka ulisikia ajali ya mwezi wa nne, lile gari la abiria aina ya Noah lililosombwa na maji kwenye korongo, njia ya Sindeni. Tangu siku hiyo mkuu wetu, Afande Stefania, hafurahii anavyowaona watu wake. Hiza, dereva wa gari letu, ndiye aliyekuwa mcheshi wa kituo. Siku hizi haongei, na anaosha gari ambalo ni safi. Mkewe amemwambia Afande kwamba hapati usingizi.

Afande amepanga kila mwezi mshauri wa mambo ya akili aje kutoka hospitali, akae na vijana wazungumze. Mimi nimepewa kazi ya kuandaa. Nilipanga viti kwa duara, nikachukua mahudhurio, nikakaa pembeni kuandika muhtasari. Mshauri akauliza, "Mnajisikiaje?" Hiza akasema, "Vizuri." Wa pili akasema vizuri, wa tatu akasema vizuri. Muhtasari haukufika nusu ukurasa.

Kikao kilipokwisha Afande aliniita pembeni. Alisema kama mpaka Septemba Hiza atakuwa bado hivyo, atamwondoa kwenye usukani, maana mtu asiyelala hawezi kukabidhiwa gari la kuokoa watu. Shangazi, Hiza akiondolewa kwenye usukani sijui atabaki na nini. Na mimi ndiye niliyepewa kuandaa.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Sipora


Handeni, 2 Juni 2025

Mwanangu Sipora,

Marahaba. Tuko wazima. Kondakta wako ni mwongo. Andazi alipewa kama wengine, akalibonyeza na kusema ni gumu, ndipo nikamwambia alirudishe ili meno yake yapumzike.

Ng'ombe bado wako Kwaluguru, nyasi zipo. Baba yako Koikai amekonda kidogo, ila ulimi wake haujakonda. Yule ndama wangu mwenye shingo nyeupe, uliyemwacha akikataa kunyonya, sasa anakimbiza mbuzi. Mdogo wako Siamanta anasema akimaliza shule atakuwa rubani. Tumemwambia aanze kwa kuamka mapema. Mguu wangu usiuulize.

Sasa hilo la viti. Nimelisoma mara mbili, nikacheka hadi mteja akauliza kama kuna sherehe. Mwanangu, mwanaume ametoka kuopoa watu kwenye maji, unamkalisha kitini, anaulizwa anajisikiaje, na pembeni kuna binti anaandika kila anachosema? Hata mimi ningesema vizuri. Atajuaje hiyo karatasi inakwenda wapi? Mwandiko wako ni mzuri, hilo najua, nililipa ada. Lakini weka kalamu chini.

Umesoma mpaka umesahau kwenu watu wanavyokula habari? Mgeni akiingia bomani hakuna anayemwuliza moyo wake. Anaanza alipotoka. Niliamka, nikashika njia fulani, kisimani nikakuta maji machache, nikampita fulani anaumwa jino. Anayesikiliza anasema ee. Hamkatizi, hamwulizi, anasema ee mpaka mwenzake amalize. Kisha na yeye anatoa zake, na mwenzake anamwitikia hivyo hivyo.

Babu yako alikuwa akirudi machungani anatuambia nyasi, nyasi, nyasi. Unafikiri ni nyasi tu. Katikati ya nyasi ndipo unasikia simba amemchukua mtu waliyekuwa wakichunga pamoja. Asingeweza kuanza na simba. Ilibidi atembee kwanza mpaka afike.

Wape hao watu nafasi ya kutembea.

Mimi shangazi yako,
Ruthi


Korogwe, 29 Juni 2025

Shangazi Ruthi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia ndama anakimbiza mbuzi. Umeniambia nisiulize mguu, kwa hiyo siulizi, lakini sijaacha kuuwaza. Huku tuko wazima. Machungwa yamejaa sokoni hadi watu wanagawiana bure.

Nilifuata ushauri wako, ila nilianza vibaya. Niliona nisipoweka utaratibu watu hawataelewa, kwa hiyo nikachapa ukurasa mmoja wenye kichwa "Mwongozo wa Kula Habari" na kuubandika ubaoni. Hiza aliusoma kwa sauti mbele ya wote: "Msikilizaji atasema ee. Hataruhusiwa kusema neno lingine." Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Wiki nzima nilikuwa nikiingia mlangoni wananipokea kwa "ee!" Hata Afande Stefania nilimsikia. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini, Shangazi, ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne kumsikia Hiza akicheka.

Jumamosi ya wiki iliyopita waliporudi kutoka kuzima moto wa shamba walikuwa wanaosha gari uani. Nikatoka kuwapelekea chai.

"Karani," Hiza akaniita, "leo huna kalamu?"

"Sina."

"Basi njoo unile habari. Kaa hapo kwenye ndoo. Kazi yako unaijua."

Nikakaa. Alidhani ni mzaha, na mimi nilidhani hivyo. Akaanza kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Kengele ikalia. Ee, nikasema. Nikavaa buti la kulia mguu wa kushoto, akaendelea. Ee. Tukatoka, mvua kama ndoo. Ee. Hapo mimi nikajua anasimulia siku gani. Wenzake nao walijua, maana vicheko vilipungua kimoja kimoja.

Njia fupi maji yamekata, akasema. Nikageuza, nikazungukia kwenye mashamba ya mkonge. Ee. Tope linashika magurudumu, nikawa najiambia, Hiza, unachelewa. Ee. Tukafika, maji yako madirishani. Ee. Sauti yake haikuwa tena ya mtangazaji. Alikuwa anasugua sehemu ile ile ya mlango. Akasema, "Kiti cha nyuma kulikuwa na mzee."

Sikuweza kusema ee. Nilisimama nikasema simu inaita, nikaingia ndani. Nilikaa mezani hadi walipomaliza kuosha.

Tangu siku hiyo Hiza ananisalimia kwa adabu kama mgeni. Nadhani nimeharibu kabisa.

Mwanao,
Sipora


Handeni, 13 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Tunavuna mahindi, si mengi, si haba. Baba yako amerudi kutoka Kwaluguru na kusema Handeni imejaa kelele, kisha amewasha redio.

Umefanya kosa na nitakuambia wazi. Mtu amekupa habari zake, umekula nusu, ukasimama ukaondoka. Na kwa kuwa umeondoka, za kwako hukutoa. Mgeni akifanya hivyo bomani, watu wanajiuliza amebeba nini.

Nami najiuliza.

Wiki iliyopita Nkoitiko alikwenda Korogwe kutafuta tairi la pikipiki. Alikuona stendi. Alikuwa anakuja kukusalimia, akaona simu mkononi mwako, nzima kabisa, ikiwaka. Ikalia. Anasema uliitupa mkobani kama umeshika kaa la moto, ukasimama umefumba macho mpaka ikanyamaza. Aliogopa kukusogelea. Nkoitiko huyu anayepita malori kwenye kona aliogopa.

Sikuulizi kwa nini umenidanganya. Nauliza jambo moja tu, na ujibu hilo. Siku ile ya korongo, aliyepiga simu kuomba msaada, nani alimpokea?

Shangazi yako,
Ruthi


Korogwe, 3 Agosti 2025

Shangazi Ruthi,

Shikamoo. Wote huku wazima. Nimeiandika barua hii mara nyingi na kuichana, kwa hiyo nisamehe kama haina mpangilio.

Nilimpokea mimi.

Alikuwa mwanamke, anaitwa Hilaria. Alikuwa anatoka mnadani Sindeni. Aliniambia gari limelala ubavu na maji yako magotini, na wengine wametoka kupitia dirishani lakini mguu wake umebanwa na kiti. Nikauliza mahali, nikabonyeza kengele. Hapo kazi yangu ingeishia, ila tumefundishwa kwamba mtu akiwa peke yake tusikate simu. Nikamwuliza kama kuna mwingine humo ndani. Akasema kuna mzee kiti cha nyuma, amegonga kichwa gari lilipopinduka, amemwita na kumtikisa, hapumui. Hilo aliniambia kengele ikiwa bado haijanyamaza.

Maji yalipofika kiunoni akasema, "Dada, ongea. Ongea chochote, usininyamazie." Nikamsimulia ndama wako mwenye shingo nyeupe, jinsi anavyokataa kunyonya na wewe unavyomwimbia nyimbo za kanisa. Alicheka, Shangazi. Akaniuliza unaimba wimbo gani. Nilikuwa naanza kumwambia, simu ikakatika. Nikapiga, nikapiga, haikupokelewa.

Wenzangu waliporudi nilijifanya nina kazi. Nilisikia kuna waliokufa na waliopona, nikatoka chumbani kabla ya majina. Sijawahi kuuliza. Naona nikiuliza, yule aliyecheka atakufa kweli.

Tangu hapo simu ikilia mkono unakufa ganzi. Ya kazini naipokea kwa sababu ni lazima. Yangu siwezi. Na ninaona aibu, maana mimi sikuingia kwenye maji. Hiza na wenzake ndio walioshika kamba, ndio waliobeba. Mimi nilikaa kwenye kiti kikavu. Karani ana haki gani ya kuumwa kwa jambo hili? Ndiyo maana nilipopanga vile viti sikujiwekea cha kwangu, nilikaa pembeni na karatasi.

Nimefikiria kuacha kazi nije nikusaidie kibandani. Niambie ukweli, utanipokea?

Na kwa kuwa nimesema yangu, nakuuliza: mguu una nini?

Mwanao,
Sipora


Handeni, 31 Agosti 2025

Mwanangu Sipora,

Marahaba. Barua yako ilikaa wiki mbili chini ya kiti cha kondakta pamoja na soksi zake. Nimeisoma nikiwa nimeikunjua mbali na pua. Kisha nimefunga kibanda, nimekaa ndani, nimelia kidogo, nimefungua kibanda. Hizo ndizo habari zangu za leo.

Mguu nilianguka. Nilipanda pikipiki ya Nkoitiko na madumu ya maziwa, nikamwambia aongeze mwendo kwa sababu nimechelewa. Ndiyo, mimi ndiye niliyesema aongeze. Miaka yote nimemtukana kwa kuendesha ovyo, sasa nitamwambia nini? Nimefungwa bandeji, naambiwa nitatembea sawa kabla ya vuli. Umefurahi?

Ukitaka kuja, kitanda kipo na chai ipo, na sitakuuliza hata siku moja kwa nini umerudi. Huo ndio ukweli. Ila usije kabla hujafanya jambo moja.

Habari hizi umenipa mimi, na si zangu. Mimi sikuwepo. Huyo dereva anajua mambo yalivyokwisha na hajui yalivyoanza. Wewe unajua yalivyoanza na umekimbia mwisho. Mnapishana mlangoni kila siku mkipeana adabu. Nimekurudishia barua zako mbili humu, soma tena mwenyewe alichokuwa anakuambia ulipomkimbia. Alijiambia anachelewa, halafu akamtaja mzee. Kisha soma ulichoniandikia kuhusu mzee huyo huyo.

Usiende na mwongozo. Nenda na mdomo.

Na mwili wako haukuuliza kama ulikuwa kwenye kiti kikavu. Huyo mshauri anakuja kwa ajili ya kituo, na wewe ni wa kituo.

Ruthi


Korogwe, 21 Septemba 2025

Shangazi Ruthi,

Shikamoo. Pole sana kwa mguu, na mpe pole Nkoitiko kwa kubebeshwa lawama za miaka yote. Hapa tuko wazima, na safari hii naliandika neno hilo bila kusita.

Nilisoma tena kama ulivyoniagiza, nikaona. Nilikaa nalo siku kadhaa, kwa sababu mimi ni mimi. Kikao cha Septemba kilikuwa Jumatano. Jumatatu nikatoka uani. Hiza alikuwa peke yake anaosha gari lililo safi kabisa, halikuwa limetoka tangu Ijumaa. Nikaikalia ndoo.

"Kuna nini, karani?"

"Nilikula zako, sikukupa zangu."

Alinitazama, akaendelea kusugua. "Haya. Ee."

Nikaanza mbali, kama babu. Niliamka, nikapiga pasi, nikanywa uji, njiani nikalowa. Ee. Nikawasha kompyuta ikagoma. Ee. Simu ikaita. Hapo hakusema ee, aliacha kusugua. Nikamweleza Hilaria na mguu uliobanwa. Ee, kwa sauti ndogo. Nikamweleza mzee. Nikasema Hilaria alimtikisa, alikuwa hapumui, na aliniambia hayo kengele ikiwa bado inalia.

"Kengele ipi?"

"Ya kituo. Mlikuwa bado mnavaa buti."

"Kabla hatujatoka?"

"Kabla hamjatoka."

Aliuliza tena, nikajibu tena. Akaniuliza kama nina hakika, na kama nasema hivyo kumfariji. Nikamwambia mimi ni karani, siwezi kusema jambo ambalo sikulisikia. Akatupa brashi kwenye ndoo nyingine, akakaa chini kwenye saruji yenye maji, suruali yote. Alisema, "Mimi nimekuwa nikiiendesha kichwani ile njia ya mkonge kila siku. Kila siku natafuta pa kufupisha njia." Kisha akaficha uso kwenye mikono. Nilisema ee.

Kisha nikasema, "Sijui mwisho wa Hilaria."

Akainua kichwa. "Hujui?"

"Sikuuliza."

"Karani! Yule mama yupo! Simu ilimponyoka ikazama. Tulimkuta amening'inia kwenye mkono wa kiti, anaimba. Namtoa, nimembeba hivi, maji yananipiga kifua, ananishika sikio ananiuliza, 'Yule ndama alinyonya?' Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamjibu, 'Alinyonya, mama, amelala.' Ndipo akanyamaza."

Shangazi, nilicheka na kulia kwa pamoja, na Hiza naye, hadi Afande Stefania akatoka kuona nani ameumia.

Jumatano hapakuwa na viti. Mshauri alipoona tumekaa uani kwenye ndoo na matairi, naye akavuta tairi. Hiza alianza, nami nikaongeza zangu, na wengine wakatoa zao, mmoja baada ya mwingine. Mshauri hakuuliza swali lolote mpaka wa mwisho alipomaliza. Kisha akasema yapo mengine yanayohitaji zaidi ya siku moja, na kwamba mlango wake hospitalini uko wazi na hakuna anayeandikwa kuwa na wazimu kwa kuugonga. Hiza ameugonga. Mimi pia. Amenieleza kwamba ganzi ya mkono ina jina na ina tiba, na kwamba nisitegemee iishe kwa siku moja. Haijaisha. Imepungua.

Afande amempa Hiza wiki mbili za kupumzika, kisha atarudi kwenye usukani. Mwongozo wangu bado uko ubaoni. Mtu ameongeza kwa kalamu chini yake, "Karani naye ale."

Nashukuru kwa kitanda na chai. Nitakuja Krismasi kama mgeni, kwa sasa nabaki hapa.

Jana mchana mwanamke mmoja alisimama dirishani kwangu, amefunga khanga kiunoni kama aliyekuja kugombana.

"Sipora ni nani hapa?"

Nikasimama. "Ni mimi, dada."

"Mimi Paulina, mke wa Hiza. Mmempa nini mume wangu?"

Nikasema hatujampa kitu, tuliongea tu.

"Basi nimekuja kulalamika. Mwezi wa nne mpaka juzi nalala na mtu anayetazama dari. Sasa anakoroma hadi nimehamia kwa watoto. Jana kukoroma kumekatika, nimeamka mara mbili kwenda kumgusa, nilidhani amekufa." Alikuwa anacheka, na machozi yanamshuka, na hakuyafuta. Akapitisha bakuli dirishani. "Makande. Ya nazi. Yale mwenyewe, usiwape hao."

Nimeyala yote, mezani pale pale. Katikati ya chakula simu yangu, si ya kazini, iliita, mdomo wangu ukiwa umejaa. Nilimeza kwanza, ndipo nikapokea.

Mwanao,
Sipora